Kinachoipasua Gia ya Injini Mpya

Mbele kabisa ya kranki ya Nissan Skyline GT-R kuna gia inayoenea kiganjani. Ni gia ya ndani ya pampu ya oili, nayo huzungushwa na kranki yenyewe, bila mkanda wala mnyororo katikati. Ikipasuka, pampu husimama papo hapo. Injini iliyofumuliwa na kuundwa upya kwa gharama kubwa, yenye pistoni mpya, konrodi mpya (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) na turbo kubwa zaidi, huharibika ndani ya sekunde chache, na pengine haijamaliza hata mwezi barabarani.

Mafundi wa magari ya kasi wa Sydney wanaufahamu msiba huu. Ingleburn, kusini magharibi mwa jiji, kati ya Liverpool na Campbelltown, ni mtaa wenye eneo kubwa la viwanda, wa aina ambayo ndani yake injini hufumuliwa, silinda zikatanuliwa na kranki zikakerezwa. Kwa miaka mingi magari ya Kijapani yamepewa heshima ya pekee kwenye karakana za namna hiyo. GT-R ya kizazi cha R32 ilitoka mwaka 1989. Nissan iliuza rasmi Australia magari 100 tu, mwaka 1991. Mwaka huohuo Mark Skaife na Jim Richards waliliendesha gari hilo wakashinda mbio za Bathurst, wakarudia mwaka 1992. Waaustralia walilipa jina la Godzilla. Waliokosa yale 100 waliagiza yaliyotumika kutoka Japani, kama sisi tunavyoagiza kupitia Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu ileile: usukani uko kulia.

Injini yake, RB26DETT, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.6 na turbo mbili. Kiwandani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. Ni injini imara kiasi kwamba watu huizidishia nguvu mara mbili na bado ikahimili, na hapo ndipo shida ya ile gia inapoanzia.

Kranki kwa macho ni mhimili mgumu wa chuma, lakini ndani ya injini inayofanya kazi hujisokota na kujisokotoa kama nguo inayokamuliwa. Kila silinda inapolipua mafuta, huipiga kranki teke la kuizungusha. Injini ya silinda sita hupata mateke matatu katika kila mzunguko mmoja. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika hayo ni mateke 400 kila sekunde, 24,000 kwa dakika. Upande wa nyuma kuna gurudumu zito linalotuliza mwendo, hivyo mtetemo huo wa kujisokota huwa mkubwa zaidi kwenye ncha iliyo huru, yaani mbele. Huko mbele ndiko pampu ya oili ilikofungwa.

Kranki huishika gia hiyo kwa pande mbili bapa. Lazima pawepo upenyo mdogo kati ya bapa za kranki na tundu la gia, la sivyo haviwezi kuunganishwa. Ndani ya upenyo huo kranki huenda mbele, ikarudi, ikaenda tena, na kila safari huigonga gia. Gia ya kiwandani imetengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa kwenye umbo kisha ukaokwa kwenye tanuri. Njia hiyo ni nafuu na hutoa umbo sahihi, na kwa gari linaloendeshwa kama kiwanda kilivyokusudia haina tatizo. Lakini chuma cha namna hiyo hubaki na vishimo vidogo mno ndani yake, na kila kishimo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia.

Kwenye R32 za mwanzo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Sehemu bapa ya kranki iliyoishika gia ilikuwa fupi, ikagusa kipande tu cha unene wa gia, na nguvu yote ikabebwa na eneo dogo. Nissan yenyewe iliirefusha baadaye. Wenye kranki za zamani huvisha pete ya chuma kuongeza eneo la kushikia, na wengi hubadilisha gia, wakaweka iliyochongwa kwenye bonge zima la chuma cha pua au cha aloi.

Hata hivyo naamini gia hubebeshwa lawama isiyo yake. Mtu akipata kipande kilichovunjika hununua kingine kigumu zaidi na kuhesabu kuwa tatizo limekwisha, ilhali mtetemo ulioipasua gia bado uko palepale na utatafuta kitu kingine cha kupasua. Tazama puli ya mbele. Ndani yake kuna ukanda wa mpira kati ya kitovu na duara la nje, na kazi ya mpira huo ni kuumeza mtetemo wa kujisokota. Mpira wa R32 una zaidi ya miaka 30. Umekauka au umeanza kuachia. Fundi akiweka pistoni zilizofuliwa za bei ghali, akapandisha kikomo cha mizunguko kutoka 8,000 hadi 9,000, kisha akarudisha puli ileile ya zamani, ameipa injini nguvu mpya na kuinyima kinga yake. Tena dereva anapoiacha injini igonge kikomo hicho mfululizo, kompyuta hukata na kurudisha moto mara nyingi kwa sekunde, na kila mrudisho ni nyundo kwa ile gia.

Kwa nini kukosa oili huua haraka hivyo? Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano wa beringi za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili, akashangaa kuona oili inapanda na kumwagika yenyewe. Akaliziba tundu, kizibo kikasukumwa nje. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: mhimili unaozunguka huiburuta oili na kuisukuma kwenye nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na shinikizo linalojengeka hapo linatosha kuunyanyua mhimili usiguse chuma chochote. Hivyo ndivyo kranki inavyoelea hadi leo. Nafasi kati yake na beringi zake ni takriban sehemu nne au tano kati ya mia za milimita moja, na pale mzigo unapoelemea, utando wa oili huwa mwembamba zaidi ya hapo. Pampu haiubebi mzigo huo. Kazi yake ni kuleta oili mpya badala ya ile inayovuja pembeni. Ikikoma, utando hukatika, chuma hugusana na chuma, uso laini wa beringi huyeyuka, na konrodi huweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini.

Injini mpya ina hatari nyingine ambazo ile ya zamani ilishazivuka. Chembe za chuma zilizobaki kwenye njia za oili baada ya kukereza huingia kwenye pampu na beringi katika dakika za kwanza. Pampu kavu inaweza kushindwa kuvuta oili, ndiyo maana fundi makini huijaza oili kabla ya kuifunga, kisha huizungusha injini kwa stata bila moto mpaka geji ionyeshe shinikizo. Kisha kuna bolti za konrodi. Kuongeza mizunguko kutoka 8,000 hadi 9,000 huzidisha nguvu inayozivuta kwa asilimia 27, kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Na bolti iliyolegea kidogo huvunjika mapema kuliko iliyokazwa sawasawa, kwa sababu iliyokazwa hubaki imevutika kwa kiwango karibu kilekile muda wote, ilhali iliyolegea huvutwa na kuachiwa maelfu ya mara.

Huko kuvutwa na kuachiwa ndiko wahandisi wanakokuita uchovu wa chuma, na Australia ililisoma somo hilo kwa uchungu. Tarehe 31 Januari 1945 ndege ya abiria aina ya Stinson, iliyokuwa imetoka Melbourne kuelekea Kerang, ilipoteza bawa la kushoto angani. Watu wote 10 walikufa. Wachunguzi waliokota vyuma, wakatazama mahali palipokatika, wakakuta ufa wa uchovu kwenye mhimili wa bawa. Baada ya hapo maabara ya utafiti wa ndege huko Fishermans Bend, Melbourne, ikawa miongoni mwa mahali duniani palipochunguza uchovu wa chuma kwa bidii zaidi.

Njia ya wachunguzi hao inafaa karakana yoyote, iwe ya Ingleburn au ya Gerezani, Dar es Salaam. Chuma kilichokufa kwa uchovu mara nyingi huonyesha mistari myembamba iliyopindana, mmoja nje ya mwingine, kuzunguka mahali ufa ulipoanzia, halafu eneo la kukwaruza ambapo kilikatika mara moja. Kwenye gia ya unga wa chuma mistari hiyo haionekani vizuri, kwa hiyo tazama kranki. Bapa zikiwa na alama za kugongwa pande zote, za kwenda na za kurudi, mtetemo ulikuwa mkubwa, na puli ichunguzwe kabla ya kununua chochote. Meno ya gia na nyumba ya pampu vikiwa na mikwaruzo mirefu, uchafu ulipita. Beringi zote zikiwa zimeungua kwa kiasi kinachokaribiana, oili ilikatika kwa injini nzima. Ikiwa moja tu imeungua na nyingine ni nzima, kosa liko kwenye kipimo cha beringi hiyo au tundu lake la oili. Yote haya husomeka kwenye vipande vilivyowekwa vikavu ndani ya mfuko, kila kimoja na jina la mahali kilipotoka, kabla mtu hajavitia kwenye petroli na kuvisugua kwa brashi.