Somo Lisilohesabiwa: Mustakabali wa Elimu ya Viungo katika Vyuo vya Jamii vya California

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii yaafiki hali ya idara za elimu ya viungo katika vyuo vya jamii nchini Marekani, hasa katika jimbo la California. Makala hii inadhamiria kueleza jinsi idara hizo zilivyojikuta katika njia panda, na jinsi zinavyoweza kuupanga mustakabali wao. Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na habari za vidimbwi vya kuogelea vya California? Ifahamike kuwa suala hili kimsingi ni la mtaala. Kila somo, Kiswahili kikiwemo, hustawi au hufifia kutegemea mahali lilipowekwa katika mtaala.

Chuo cha Jamii ni Nini?

Chuo cha jamii ni taasisi ya umma inayotoa masomo ya miaka miwili baada ya shule ya upili. Kikongwe zaidi miongoni mwa vile vya umma vilivyopo hadi leo ni Joliet Junior College, kilichoanzishwa jimboni Illinois mwaka wa 1901. Huko California, Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka wa 1960 ulizigawia taasisi za umma majukumu. Vyuo vikuu vilitengewa wanafunzi waliofuzu vyema zaidi, navyo vyuo vya jamii vikaachiwa mlango wazi kwa yeyote awezaye kufaidika na masomo. Leo mfumo huo una vyuo 116 na wanafunzi takriban milioni 2.

Miongoni mwa wanafunzi hao mna kijana anayetarajia kuhamia chuo kikuu, mfanyakazi anayesaka cheti, na bibi mstaafu anayetaka magoti yake yasimkwamize. Idara ya elimu ya viungo huwapokea wote watatu. Aidha, vyuo vya aina hii vimewafaa hata Wakenya. Sally Kipyego, aliyeishindia Kenya nishani ya fedha katika mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki ya London mwaka wa 2012, alianzia masomo yake ya Marekani katika South Plains College jimboni Texas, kabla ya kuhamia chuo kikuu.

Nyufa Mbili

Ufa wa kwanza ulitokana na uhaba wa fedha. Msukosuko wa kiuchumi ulioanza mwaka wa 2008 ulipunguza bajeti ya jimbo, na vyuo vikalazimika kuwakosesha nafasi wanafunzi wengi. Swali likazuka: je, ni haki kijana akose nafasi katika darasa la hisabati ilhali mwingine anarudia kozi ya kuogelea kwa mara ya nne kwa ruzuku ya umma? Kanuni zikabadilishwa. Kuanzia muhula wa vuli wa mwaka wa 2013, kozi nyingi za mazoezi haziwezi kurudiwa na mwanafunzi aliyefaulu, na kozi zenye maudhui yanayohusiana zimewekewa kikomo cha nne. Michezo ya mashindano baina ya vyuo ilisazwa. Waliopata pigo zaidi ni wazee waliozoea kujisajili kila muhula. Kwao zoezi halikuwa mada ya kuhitimu na kuiacha. Lilikuwa kama dawa inayomezwa kila siku.

Ufa wa pili ni wa juzi. Kwa miaka mingi, elimu ya jumla katika mfumo wa California State University ilikuwa na eneo la kujiendeleza na kujifunza maishani, na kozi za elimu ya viungo ziliweza kuhesabiwa humo. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2021 iliagiza kuwe na utaratibu mmoja wa elimu ya jumla kwa wanaohamia vyuo vikuu vya umma. Utaratibu huo, uitwao Cal-GETC, ulianza kutumika katika vuli ya mwaka wa 2025, na eneo hilo halimo. Nia ilikuwa njema, yaani kumwondolea mwanafunzi utata wa njia mbili. Hata hivyo, somo ambalo jana lilikuwa daraja leo limekuwa la hiari. Mwanafunzi mwenye ajira, watoto na karo ya kulipa hana budi kujiuliza: kozi hii itanifikisha wapi?

Nguzo za Mpango

Mpango wa mustakabali hauna budi kuanza na swali hilo hilo. Tunaweza kubainisha nguzo nne.

Nguzo ya kwanza ni shahada ya uhamisho. Sheria ya mwaka wa 2010 ilianzisha shahada za miaka miwili ambazo humhakikishia mhitimu nafasi katika mfumo wa California State University, akiwa amekamilisha yuniti 60. Kineziolojia, yaani taaluma ya mwendo wa mwili, ni mojawapo. Pamoja na anatomia na fiziolojia, mwanafunzi huchagua kozi za vitendo kutoka maeneo matatu tofauti, kama vile kuogelea, ngoma, mieleka au michezo ya timu. Hapa zoezi linahesabiwa kwa sababu ni sehemu ya taaluma. Idara isiyofundisha kozi hizi kwa mpangilio unaomwezesha mwanafunzi kumaliza kwa miaka miwili inajihujumu yenyewe.

Nguzo ya pili ni vyeti vya kazi. Wakufunzi wa mazoezi na wasaidizi wa tiba ya viungo wanahitajika katika jamii inayozeeka. Cheti kifupi humpa mwanafunzi riziki hata asipofika chuo kikuu.

Nguzo ya tatu ni masomo yasiyohesabiwa katika shahada. Sheria za California zinaruhusu vyuo kutoa masomo ya aina hii bila ada kwa wazee, na kikomo cha kurudia kilichowekwa mwaka wa 2013 hakiyahusu. Tatizo ni kwamba jimbo huyalipia kwa kiwango cha chini kuliko kozi za shahada. Hivyo basi, idara inayomhamishia mzee huko inamhifadhi mwanafunzi lakini inapoteza sehemu ya mapato. Hesabu hii yapasa kufanywa waziwazi, mbele ya wahadhiri na wasimamizi, kabla ya ratiba kuchapishwa.

Nguzo ya nne ni majengo. Tangu mwaka wa 2000, wapigakura wa wilaya ya chuo huweza kuidhinisha mkopo wa ujenzi kwa asilimia 55 ya kura badala ya thuluthi mbili. Fedha hizo haziruhusiwi kulipa mishahara ya walimu. Kwa hiyo chuo chaweza kujenga kidimbwi cha kuvutia na kisha kikakosa mwalimu wa kukisimamia. Mpango wa majengo usiotokana na mpango wa mtaala ni mbio za sakafuni. Mwisho wake ni ukingoni.

Funzo kwa Wanafunzi wa Kiswahili

Turejee sasa nyumbani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Kabla ya hapo kilifundishwa katika shule za msingi bila kutahiniwa mwishoni, na ni bayana jinsi somo la aina hiyo linavyotwaliwa vipindi. Katika mfumo huo huo wa 8-4-4, elimu ya viungo ilikuwa kwenye ratiba lakini haikutahiniwa, na aghalabu vipindi vyake viligeuzwa vya hisabati. Masomo mawili, ratiba moja, majaliwa tofauti.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba tiba ni kulazimisha. Tajriba ya California inatuonya. Lililofanywa la lazima kwa kanuni huondolewa kwa kanuni, na idara iliyotegemea ulazima pekee hubaki mikono mitupu siku sharti linapofutwa. Zilizo na matumaini ni zile zinazoweza kumwonyesha mwanafunzi faida tatu kwa pamoja: shahada, kazi na afya. Nasi tujiulize, endapo Kiswahili kingekoma kuwa cha lazima kesho, ni nani angebaki darasani, na tungemwambia nini?

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kuwa kupanga mustakabali wa somo ni kutambua mambo mawili: linahesabiwa wapi, na linamfaa nani. Jambo la kwanza huamuliwa na wenye mamlaka, na laweza kubadilika wakati wowote. La pili limo mikononi mwa wanaofundisha. Idara ya viungo inayomjua kijana wake, mfanyakazi wake na mzee wake ina hoja ya kupeleka mezani bajeti inapojadiliwa. Idara ya Kiswahili nayo yapasa iwe na hoja yake tayari, kabla ya kuulizwa.