Mwanga wa Jua na Dawa Iliyobaki Majini

Leo tuzungumze juu ya dawa ya kuku, lakini siyo ile iliyo katika pakiti. Tuifuate ile iliyokwisha pita tumboni mwa kuku.

Mfugaji anapotia oksitetrasaiklini katika maji ya kuku, ule unga wa manjano mnaoujua, mwili wa kuku hauitumii yote. Sehemu kubwa hutoka na kinyesi ingali dawa. Mvua ikinyesha, samadi iliyorundikwa kando ya kijito hushuka nayo majini. Huko vijidudu huionja kidogo kidogo: vilivyo dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki na kuzaana. Basi kuku akija kuugua, au mtoto wako, dawa haifui dafu. Na kuchemsha maji je? Huua vijidudu, ndiyo, lakini si njia ya kutegemea kuondoa dawa.

Sasa wataalamu wanajaribu kuivunja dawa hiyo kwa mwanga. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza jinsi walivyomulika oksidi ya titani, wakaweza kuyapasua maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Oksidi hii ndiyo unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba. Ukiwa majini na ukapigwa na mwanga, hutengeneza kutokana na maji na hewa chembe kali mno, zisizodumu hata kufumba na kufumbua jicho, nazo huikatakata dawa vipande vipande. Unga wenyewe hauliwi katika kazi hiyo. Ni kama mafiga: chakula kinaiva, mafiga yanabaki.

Lakini unga huu hutumia miali ya urujuanimno tu, ambayo katika mwanga wa jua ni kama sehemu 5 kwa 100. Ndiyo maana vinatafutwa vichocheo vingine vya kutumia mwanga huu tunaouona. Tena maji ya tope huzuia mwanga, na unga ukishatiwa ni taabu kuuchuja. Wengine huugandisha juu ya kioo, maji yapite juu yake. Hata vipande vya dawa lazima vipimwe, maana vingine huweza kubaki na ukali.

Kila nikieleza habari hii hakosi mtu wa kuuliza kama amwage rangi kisimani. La, ndugu yangu! Rangi ina mengine mengi ndani yake.

Kazi yako ni kuizuia dawa isifike majini. Mdondo huletwa na kirusi, na oksitetrasaiklini haiuponyi. Wachanje kuku kwa chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kila miezi 4. Samadi irundike mbali na maji, ifunike mvua isiioshe, uigeuze mpaka ioze vizuri, kwani joto la rundo huvunja sehemu ya dawa. Na mayai yasiliwe wala kuuzwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti.