Mkwe wa Musa na wiki ya mchungaji

Ukipanda kutoka Uchira kwenda Kirua Vunjo wakati wa masika, barabara inateleza, migomba imefunga pande zote, na kila baada ya hatua chache kuna njia ya mguu inayoingia kwenye kihamba cha mtu. Mchungaji wa huku anazijua njia hizo. Msiba ukitokea, huko ndiko anakoitwa, maana Mchagga huzikwa nyumbani kwao hata kama alifanya kazi Dar es Salaam miaka 40.

Hesabu wiki yake. Jumanne wagonjwa. Jumatano mazishi, kisha darasa la kipaimara. Alhamisi kikao cha wazee wa kanisa, Ijumaa wanandoa wasioelewana, Jumamosi harusi. Jumapili ibada, halafu mnada wa ndizi na mayai ya sadaka. Jumatatu inaitwa siku ya mapumziko. Inaitwa tu. Disemba, watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, hata jina hilo linafutika.

Katika wiki kama hiyo Biblia hugeuka kuwa kifaa cha kazi. Anaifungua kutafuta somo la mazishi, somo la harusi, mahubiri ya Jumapili. Maneno ya faraja amewasomea wengine mara nyingi mpaka kwake yamepoteza ladha. Na nyumbani kuna mtoto ambaye daftari lake la hesabu limekaa mezani tangu juzi, likimsubiri baba alitazame.

Kwa mtu wa namna hiyo, Kutoka sura ya 18 ni ya kusoma taratibu. Wengi tunaijua kama somo la uongozi, lakini inaanza na jambo la familia. Yethro, mkwe wa Musa, anafika jangwani akiwa na Sipora, mke wa Musa, na watoto wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa alikuwa amewarudisha kwa babu yao. Sasa wamekuja kumwona baba. Wakubwa wanasalimiana, wanakula pamoja, na kesho yake Musa huyo kazini: watu wamemzunguka toka asubuhi mpaka jioni.

Yethro anatazama. Kisha anamwambia kwamba njia hiyo si nzuri, itamchosha yeye na watu wake pia. Kwetu, neno la baba mkwe halipitwi kama upepo. Musa naye hakulipita. Aliweka wakuu wa maelfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, na mashauri madogo wakayamaliza wao.

Mimi tumaini naliona hapo. Musa hakuambiwa aongeze imani wala afunge zaidi. Aliambiwa mzigo ule haumfai mtu mmoja, akaugawa, na kazi ikaendelea. Elia naye, katika 1 Wafalme 19, alipolala chini ya mretemu akiomba kufa, hakuhubiriwa. Malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa mara ya pili ale kabla ya safari ya siku 40.

Kirua hao wakuu wa kumi wapo tayari: wainjilisti wa mitaa, wazee wa kanisa, kina mama wanaojua nani hajaonekana ibadani wiki mbili. Kikwazo mara nyingi ni sisi waumini. Mgonjwa akitembelewa na mwinjilisti, tunanuna kwamba mchungaji hakuja. Mama mchungaji akisema mumewe amelala, tunapiga simu tena.

Mama unayeamka saa kumi kupeleka ndizi sokoni, baba wa bodaboda unayerudi watoto wamelala, sura hii inawahusu nanyi. Kaeni na mtoto mkubwa, bibi, hata jirani, muone nani anaweza kushika kipande gani cha siku.

Usharika nao unaweza kuanza na Jumatatu moja tu. Namba ya mzee wa zamu ibandikwe mlangoni mwa kanisa, na simu ya mchungaji ibaki kabatini mpaka lile daftari la hesabu litazamwe.