Saa yako inahesabu moyo au miguu?

Kijana mwenzangu, nenda siku moja viwanja vya Mnazi Mmoja baada ya sala ya alasiri, uwaangalie mikono wale wanaokimbia. Wengi siku hizi wamevaa saa za mazoezi. Nyengine zimeletwa na ndugu kutoka Dubai au Maskati, nyengine zimenunuliwa Darajani kwa bei ya kubembelezana. Saa inahesabu hatua, inakwambia umelala muda gani, na juu ya yote inakuonyesha mapigo ya moyo. Hapo ndipo ubishi unapoanza. "Mie leo nimefika 190!" Mwenzake anatazama yake, inasema 92, na huku anahema kama aliyepandisha gunia la karafuu ghorofani.

Nani mkweli? Huenda hakuna hata mmoja.

Hebu ivue saa yako uigeuze. Utaona vitaa vya kijani vinamemeta. Saa hii haiusikilizi moyo, inaitazama ngozi. Kila moyo unapopiga, damu husukumwa mpaka mkononi, mishipa midogo iliyo chini ya ngozi inajaa kidogo, halafu inapungua. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Ikijaa, mwanga unaorudi kwenye saa unapungua. Ikipungua, mwanga unaongezeka. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko na kukupa namba. Ni akili nzuri, sikatai. Ukiwa umekaa barazani umetulia, saa nzuri hukaribia sana ukweli.

Balaa ni ukianza kukimbia. Mkono unarushwa, saa inateleza kwa jasho, na damu yenyewe ndani ya mishipa inatikiswa kwa kila hatua. Mwanga unapanda na kushuka kwa sababu ya mtikisiko, na saa inaweza kudhani hayo ndiyo mapigo. Sasa angalia mtego ulivyo. Wakimbiaji wengi hupiga hatua baina ya 160 na 180 kwa dakika, na moyo wa kijana anayekimbia nao unaweza kufika huko huko. Kwa hiyo saa ikikuhesabia miguu badala ya moyo, namba haitakushtua. Itaonekana ya kweli kabisa.

Kuna njia ya kuigundua. Simama ghafla. Moyo wa kweli hushuka taratibu, kidogo kidogo. Kama saa ilisema 172 na ndani ya sekunde mbili tatu imeanguka mpaka 130, basi kuna uwezekano mkubwa ilikuwa inahesabu miguu.

Swali ambalo vijana wanapenda kuuliza ni hili: ati hizi saa zimetengenezewa ngozi za wazungu? Si swali la kijinga. Rangi ya ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga wa kijani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu saa 7 kwa watu 60, na wakaona makosa yanazidi kidogo kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Lakini mwaka 2020 wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapima watu 53 wa rangi mbali mbali na hawakuona tofauti kubwa kwa ajili ya ngozi. Walichokiona ni kwamba mtu akiwa kwenye harakati, makosa yanazidi kwa wastani wa asilimia 30 kuliko akiwa ametulia. Kwa maoni yangu, tusiitupie ngozi lawama zote. Adui wa kwanza ni mtikisiko.

Hao wa Stanford walipima na kalori pia. Saa iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho asilimia 93! Kwa hiyo kama unajiruhusu bakuli la pili la urojo kwa sababu saa imekwambia umeunguza kalori kadhaa, pole sana.

Dada zangu, nanyi mna lenu. Kampuni ya Apple yenyewe inaeleza kwamba michoro kwenye ngozi, ya kudumu na hata ya muda, inaweza kuzuia mwanga wa saa. Ukitoka harusini na piko nyeusi mpaka kwenye kifundo cha mkono, usishangae saa ikikosa la kusema. (Na hiyo piko inayochanganywa kwa rangi ya nywele ina dawa inayoweza kuunguza ngozi, lakini hilo tutalizungumza siku nyengine.)

Ukitaka saa ifanye kazi vizuri zaidi, ipandishe juu ya kifundo upana wa kidole kimoja au viwili, uikaze isiteleze, ila isikubane damu. Na jifunze kuhesabu mwenyewe. Geuza kiganja juu, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya dole gumba la mkono huo, ubonyeze taratibu mpaka usikie mshipa unapiga. Usitumie dole gumba kuhesabia, lina mapigo yake. Ukiwa umepumzika hesabu sekunde 30, zidisha mara 2. Ukiwa umesimama tu kutoka mbioni, hesabu sekunde 15, zidisha mara 4. Mtu mzima aliyetulia huwa baina ya 60 na 100. Mwanamichezo aliyezoea anaweza kuwa chini ya 60. Ile hesabu ya 220 utoe umri wako ni wastani tu. Watu wawili wa miaka 20, wote wazima, wanaweza kupishana kwa mapigo 10 na zaidi. Tena joto la kaskazi na kiu ya saumu hupandisha mapigo kweli kweli, hapo saa haina kosa.

Namba kubwa ya uongo itakutisha tu. Ninayoiogopa mimi ni namba ndogo ya uongo. Msichana ana upungufu wa damu, pengine kwa hedhi nzito na chakula kisicho na madini ya chuma. Akipanda ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe moyo unamwenda mbio. Anatazama saa, inasema 84. Ananyamaza. Au kijana aliyeuguaugua koo utotoni bila ya kutibiwa ipasavyo, na ugonjwa ukaziharibu vali za moyo bila ya yeye kujua. Huyu mapigo yake yanaweza kuwa ya ovyo ovyo, na saa ikampa wastani mzuri.

Ukizimia ukiwa mazoezini, ukiumwa na kifua, ukiishiwa pumzi kuliko wenzako, moyo ukikimbia na wewe umekaa, au kama nyumbani kwenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, acha mazoezi kwanza uende hospitali, hata kama saa inasema mambo shwari. Kuna kipimo cha umeme wa moyo, hakiumi na huchukua dakika chache. Ukimwona daktari usimwonyeshe saa peke yake. Mwambie ilianza lini, ulikuwa unafanya nini, na ulipohesabu kwa vidole ulipata ngapi.