VIFAA VYA TIBA: Barakoa ya uso bado yashikilia soko

Mfanyabiashara anayelenga zabuni za hospitali za Kasulu au kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, asikimbilie kifaa kwa sababu tu ni kipya.

Mtoto akizaliwa bila kupumua, mkunga ana takriban dakika moja kufungua njia ya hewa na kuanza kumpulizia. Chombo kilichozoeleka ni barakoa ya uso na mfuko wa kubonyeza, yaani ambu. Kasoro yake ni kuvuja isipokaa vizuri. Mshindani wake, barakoa ya koo, huingizwa mdomoni.

Vilishindanishwa Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto zaidi ya 1,100. Matokeo yalitoka 2020: waliofariki au kupata athari za ubongo walikuwa asilimia 27.4 kwa barakoa ya koo na 24.4 kwa ya uso. Kitakwimu, hakuna aliyeshinda.

Faida imeonekana kwenye mafunzo. Katika hospitali nane za Tanzania, utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha vifo vya saa 24 za mwanzo vilishuka kwa asilimia 47 baada ya wakunga kufundishwa.

Jaribio la Mulago lilifadhiliwa na Baraza la Utafiti la Norway. Bila fedha hizo, wanunuzi wangeagiza kwa kubahatisha, na hasara ingemwangukia mtoto. Wawekezaji wa hapa wanaouza vifaa hivi wana sababu ya kuchangia utafiti ujao.

Kwa sasa, ushauri ni huu: agiza ambu za watoto wachanga, na uziuze pamoja na mafunzo.