Kupunguza Ukubwa wa Video Zilizomo Kwenye DVD

Kaya nyingi zimehifadhi kumbukumbu za harusi, mahafali na mazishi ya wapendwa wao katika DVD. Hata hivyo, kompyuta nyingi za sasa hazina sehemu ya kusomea diski, na diski zenyewe huchakaa. Mtumiaji anapozihamishia kwenye simu au flashi, hukuta faili ni kubwa kiasi cha kumaliza kifurushi cha intaneti kabla halijamfikia ndugu aliye mbali.

Kwa nini faili ni kubwa?

DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7. Video yake hubanwa kwa mfumo wa MPEG-2, uliobuniwa miaka ya 1990. Mfumo wa H.264, uliotolewa mwaka 2003, huhitaji takribani nusu ya data hiyo kwa ubora unaokaribiana.

Ukubwa wa faili hutokana na mambo mawili: kiasi cha data kinachotumika kila sekunde, na muda wa video. Kwa mfano, video ya saa mbili yenye picha ya kilobiti 1,000 na sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde itakuwa na takribani GB 1.

Hatua za kufuata

1. Chagua H.264 katika faili la MP4. H.265 hubana zaidi, lakini simu na televisheni za zamani huenda zisiifungue. Programu ya HandBrake hufanya kazi hii bila malipo.

2. Usikuze picha. DVD za mfumo wa PAL zina nukta 720 kwa 576. Kuzikuza huongeza ukubwa wa faili, si undani wa picha.

3. Iwapo watu wanaotembea wanaonekana na vijistari mithili ya meno ya kitana, washa kichujio cha kuviondoa. Vijistari hivyo huharibu picha na hutumia data bure.

4. Bana sauti pia. Baadhi ya DVD hubeba sauti isiyobanwa ya kilobiti 1,536 kwa sekunde. AAC ya kilobiti 128 hutosha kwa hotuba na nyimbo za sherehe.

5. Jaribu kwanza dakika mbili zenye mwendo mwingi, kama vile watu wakicheza muziki. Mabaka yakijitokeza, ongeza kiwango cha data.

Tahadhari

Data iliyoondolewa wakati wa kubana hairudi. Kwa hiyo, anza na diski yenyewe, si nakala ambayo tayari imebanwa na kutumwa kwa simu. Usitupe diski kabla ya kutazama faili jipya mwanzo hadi mwisho na kuweka nakala ya pili mahali pengine.

Ukimpa fundi kazi hii, kubalianeni kwanza kuhusu gharama, aina ya faili na urejeshaji wa diski. Dai risiti, na ujaribu faili kwenye kifaa chako kabla ya kulipa.

Mwisho, hatua hizi zinahusu video zako mwenyewe. Filamu zinazouzwa madukani zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kuzinakili na kuzisambaza bila idhini ya mwenye haki kunaweza kukuingiza matatani.