Pamba ya Maswa kwenye grafu ya mihimili mitatu

Mkulima wa pamba wa Maswa anaponyoosha kamba yenye mafundo shambani, huwa anachagua namba mbili: nafasi kati ya mstari na mstari, na nafasi kati ya shimo na shimo. Zamani ilikuwa sentimeta 90 kwa 40. Siku hizi maofisa ugani wanahimiza 60 kwa 30. Idadi ya mashimo katika eka inategemea namba zote mbili kwa pamoja. Hiyo ni fankisheni ya vibadilika viwili.

Nafasi ya mistari tuiite x, ya mashimo y, zote kwa mita. Eka tuikadirie kuwa mita za mraba 4,000 (anayepima kwa hatua 70 kwa 70 asitugombeze). Gawanya 4,000 kwa x mara y. Kipimo cha zamani kinatoa mashimo 11,111, kipya 22,222.

Kuchora kunahitaji mihimili mitatu. Tazama kona ya chumba: x na y zinalala sakafuni, idadi ya mashimo inapanda na ukuta. Kila jozi ya nafasi ni nukta sakafuni yenye kimo chake, na ncha za vimo vyote hufanya uso mmoja.

Uso huo una mteremko usio sawa. Acha x ibaki sentimeta 60, yaani mita 0.6. Ukipunguza y kutoka sentimeta 40 hadi 30, unaongeza mashimo 5,556. Kutoka 30 hadi 20, unaongeza 11,111.

Mimi napendelea kontua, zilezile za ramani za somo la Jiografia. Unganisha nukta zenye idadi sawa: 60 kwa 30, 45 kwa 40 na 90 kwa 20 zote ziko kwenye mkunjo wa 22,222. Kwa hiyo anayepalilia kwa ng'ombe, akitaka njia pana, anaweza kupanua mistari bila kupoteza hata shimo moja.

Ila mashimo si kilo. Mavuno yana fankisheni yake, nayo ina kilele, kwa sababu miche ikisongamana hugombania maji na mwanga. Kilele hicho hakipatikani kwa kugawanya. Hutafutwa kwa majaribio ya shambani, kazi ya watafiti wa kilimo kama wa kituo cha TARI Ukiriguru.

Walimu wa hisabati wa Maswa, wapeni wanafunzi karatasi ya grafu na mkunjo huo wa 22,222. Kipindi kimoja kinatosha.